Usimpe fundi wa fremu mchoro huo wa chaki nyekundu!

Dada wa Torino, ghairi hiyo miadi ya Jumamosi. Nimesoma uzi wako hadi pale unaposema fundi wa fremu ataubandua mchoro wako wa Bikira Maria kwenye "kadi chakavu" ya nyuma, ausafishe, halafu ndipo uupeleke kuthaminiwa. Nikashindwa kuendelea kusoma. Hayo hayo ndiyo niliyoyafanya mimi.

Nilimtunza bibi mmoja Bologna kwa miaka sita. Alipofariki, wanawe wakanipa mchoro uliokuwa ukining'inia juu ya kitanda chake: Mtakatifu Fransisko amepiga magoti, mikono kifuani, wote umechorwa kwa hiyo chaki nyekundu ambayo Waitaliano wanaiita sanguigna. Ulikuwa umebandikwa kwenye kadi nzito ya kijivu iliyopigwa mistari ya wino pande zote. Chini ya kadi palikuwa na maneno mawili matatu ya wino wa kahawia, na kwenye pembe mhuri mdogo: duara lenye herufi mbili ndani. Nakumbuka B. Ya pili siikumbuki, na picha sikupiga.

Fundi akaniambia kadi ile ni uchafu, inaushusha mchoro hadhi, mnunuzi akiiona atakimbia. Aliongea kwa uhakika kama daktari. Nikamlipa yuro 60. Akailowesha kadi ili gundi iachie, akaibandua vipande vipande, akaitupa. Maji yakapenya mpaka mbele: unga wa chaki ukasogea, shingoni mwa mtakatifu pakaenea wingu la waridi ambalo halikuwapo. Fundi gani anaona vumbi, haoni maandishi?

Nilipoufikisha kwenye nyumba ya mnada, mthamini aliugeuza kabla hata hajatazama uso wa mtakatifu. Nyuma kweupe. Akauliza, "Ulikuwa umebandikwa juu ya nini?" Nikamweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akaandika: shule ya Bologna (yaani kazi ya mchoraji fulani wa mtindo wa huko, jina halijulikani), karne ya 17, yuro 350. Akanieleza kwamba huo mhuri huenda ungemwonyesha mchoro ulipita mikononi mwa nani, na hapo ndipo jina la mchoraji huanza kutafutwa. Guercino mwenyewe, mchoraji maarufu wa karne hiyo, alizaliwa Cento, jirani tu na Bologna, akachora kwa chaki hii, na wanafunzi na waigaji wake ni wengi. Bila ushahidi, mchoro wangu utabaki wa "shule" maisha yake yote.

Mihuri hiyo ya wakusanyaji wa michoro imeorodheshwa, dada. Mkusanyaji Mholanzi Frits Lugt aliichapisha kwenye kitabu mwaka 1921, na sasa imo kwenye intaneti bure, inasimamiwa na Fondation Custodia, taasisi ya sanaa ya Paris. Nimekesha humo nikitafuta duara langu lenye B. Maduara ni mengi mno kwa mtu mwenye herufi moja. Na si mhuri tu, hata kadi yenyewe inasema. Pierre-Jean Mariette, mkusanyaji wa Paris aliyefariki 1774, alibandika michoro yake kwenye kadi za buluu, na hadi leo wajuzi wakiiona kadi ile wanajua imetoka kwake. Hebu fikiria mtu aitupe kwa kuwa imechakaa!

Kwa hiyo: usibandue, usifute, usiloweshe chochote kabla mjuzi hajaona nyuma. Hata vumbi liache. Chaki hii ni unga uliokaa juu ya karatasi, kidole tu kinausogeza.

Kitu kimoja unaweza kufanya nyumbani bila kuugusa. Chukua lenzi ya kukuzia, hata ya mara 10, utazame mstari mmoja. Chaki ya kweli inakamata vilima vya karatasi na kuacha mabonde meupe, punje punje. Ukiona vitone vya wino vilivyozama ndani ya karatasi, huenda ni chapa: karne ya 18 wachapaji kina Gilles Demarteau wa Paris walichapa kwa wino mwekundu picha zilizofanana sana na chaki, na zinawachanganya watu mpaka leo.

Mpigie fundi leo, usingoje Ijumaa. Kisha uiweke fremu kifudifudi juu ya taulo safi, piga picha ya nyuma karibu na dirisha, kila pembe, kila herufi, uziweke hapa. Nitaziangalia usiku huu huu.