Gari inachemsha mlimani, nifanyeje?

SWALI: Dada habari, nikipandisha mlima Kitonga kwenda Iringa mshale wa joto unapanda sana, juzi nikataka kufungua rejeta niongeze maji abiria akanizuia. Fundi anasema kawaida tu, kweli? – Mama wawili, Morogoro

JIBU: Pole mdogo wangu, huyo abiria mshukuru mno, maji ya rejeta yana presha, ukifungua ya moto yanakurukia usoni. Na sio kawaida kabisa! Mshale ukipanda zima AC, paki pembeni pasipo na kona, washa hazadi, weka triango nyuma, subiri injini ipoe kabisa ndo ufungue. Halafu tafuta fundi mwingine acheki feni, thamostati (kinachoongoza joto la injini) na kama kulanti, yaani maji maalumu ya kupoza injini, inavuja; kuweka maji ya bomba badala yake kila siku kunaleta kutu. Ukiteremka mlima tumia gia ndogo, ukikanyaga breki mfululizo zinachemka zinagoma kushika.