Hofu Si Ushahidi Kwamba Walikuwa Sahihi

Dada mmoja wa Mpeketoni ameniandikia wiki hii. Alitoka kwenye kanisa la kwao mwaka jana. Mchana anafanya kazi zake vizuri, lakini usiku moyo humwenda mbio hadi anaamka kupapasa kitanda cha watoto ahakikishe wamo. Anaogopa wamenyakuliwa kwenda mbinguni, yeye ameachwa. Akamalizia kwa maswali matatu: Je, hofu hii si dalili kwamba nilikosea kutoka? Sasa naishi kwa ajili ya nini? Na mama yangu nimwambie vipi?

Ameniruhusu nijibu hapa hadharani, na nimeona ni vyema, kwa sababu ujumbe wa aina hii hunifikia mara kwa mara. Najua wengi mnaonisoma mmetoka kule nilikotoka mimi. Mnataka kufikiri kwa akili zenu, kula jasho lenu, na kulala usingizi.

La, dada, hukukosea. Hofu si ushahidi wa kitu chochote isipokuwa kwamba ulifundishwa kuogopa, na ukafundishwa vizuri. Hofu ni kama askari wa lindo aliyeajiriwa na tajiri aliyekwisha kuhama: tajiri hayupo, yeye kila usiku bado anakuja na rungu lake.

Mimi nililelewa katika kanisa dogo la mabati hapa Malindi. Silitaji jina, waliomo watajijua. Tulifunga, tulikesha, tukafunga tena. Wasichana hatukusuka nywele wala kuvaa hereni, na gauni lazima lifike kwenye kifundo cha mguu. Kwenda hospitali kulihesabiwa kukosa imani. Mwaka 2019, serikali ilipokuwa ikiandikisha watu Huduma Namba, ile namba moja ya utambulisho ya kila mtu, tulihubiriwa kwamba ile ndiyo alama ya mnyama na kwamba atakayejiandikisha jina lake litafutwa kwenye kitabu cha uzima. Mama yangu alijifungia ndani Maweni hadi maafisa wakamaliza kazi yao mtaani. Mimi nilikuwa mtu mzima tayari, na nililiamini kila neno.

Hili nataka lieleweke, maana linaniuma mpaka leo. Aprili 2023, polisi walipoanza kufukua makaburi ya waumini wa kanisa moja walioambiwa wafunge hadi kufa katika msitu wa Shakahola, na hatimaye miili zaidi ya 400 ikatolewa, watu wa mji huu walikaa vibarazani wakisema wale walikuwa wajinga tu, hawakusoma. Nilikuwa nikipita na vitambaa vya wateja mkononi, nawasikia. Walikuwamo waliosoma. Walikuwamo wenye kazi zao nzuri walioziacha. Na walikuwamo watoto, ambao hakuna aliyewauliza. Kanisa letu halikuwa lile, na mimi msituni sikufika, lakini njia ya kwenda kule naijua inavyoanza. Hakuna anayeambiwa siku ya kwanza aende kufa. Unaambiwa usile leo mchana. Kisha unaambiwa usimsikilize mjomba wako. Kisha mtoto akiugua asipelekwe hospitali. Kila hatua ni ndogo, na kila hatua inapigiwa makofi na watu wanaokupenda.

Kilichonitoa mimi ni mdogo wangu. Alishikwa na malaria, akawa anatetemeka chini ya blanketi mbili na leso juu yake, macho yamegeuka manjano, hawezi kushika kikombe. Watumishi walikuja kumwekea mikono, wakaondoka, wakarudi. Usiku wa pili mjomba, ndugu yake mama, aliingia bila kupiga hodi. Hakusalimu mtu. Alimbeba, akampakata kwenye boda kati yake na dereva, wakaenda zao. Kijana aliongezewa damu, na alipopata nafuu kitu cha kwanza kuomba kilikuwa chipsi. Jumapili iliyofuata mchungaji alisimama akasema nyumba yetu imefungua mlango wa laana, na mama akaitwa mbele kutubu. Yaani mama alitubu kwa sababu mwanawe yuko hai. Nilimtazama akipiga magoti kwenye sementi na kitambaa chake cheupe kichwani, nikajua siko nao tena.

Kutoka kwenyewe hakukuwa na kishindo. Machi 2020 korona ilifunga nyumba za ibada nchi nzima. Zilipofunguliwa Julai, kwa masharti ya watu wasiozidi 100 na ibada ya saa moja, mimi sikurudi. Walinitafuta, wakanisihi, wakanionya, kisha wakanitenga. Wapendwa niliokua nao wakawa wananiona barabarani wanageuza uso. Miaka iliyofuata haina hadithi. Nilishona nguo, nikalipa kodi.

Hofu ndiyo ilikuwa haijatoka. Jioni moja, muda mrefu baada ya hayo yote, nilirudi kutoka sokoni nikakuta ua mtupu. Ninaishi kwenye nyumba za kupanga, milango inatazamana, na jioni pale hapakosi watoto na kelele zao. Siku hiyo sufuria ya maharagwe ya jirani ilikuwa inafurika, povu linamwagikia makaa. Ndala moja ya mtoto ilikuwa imelala mlangoni. Kanga ilikuwa nusu ndani ya beseni, nusu nje, sabuni bado haijasuuzwa. Nikaita. Kimya. Nikaita tena jina la mtoto mmoja mmoja. Miguu ikalegea, vidole vikafa ganzi, kifua kikabana, na sauti ya mchungaji ikanijia waziwazi, ile habari ya wanawake wawili wanaosaga, mmoja anatwaliwa na mwingine anaachwa. Nilikaa chini mchangani nikaanza kutubu kwa sauti, mimi niliyekuwa nimekwisha kusema simwamini yule mtu hata neno moja.

Kisha nikasikia sauti za watu. Wote walikuwa wamekimbilia barabarani kuinua tuktuk iliyotumbukia mtaroni na shehena ya maembe. Watoto wakarudi mbio, kila mmoja na embe lake. Jirani yangu, mama wa Kiislamu ambaye zamani nilikatazwa hata kuonja futari yake, aliniona nilivyo, akaketi kando yangu pale chini. Hakuuliza kitu. Maharagwe yakaungua na hakuyajali.

Dada, fikiria jioni ile. Hofu yangu ilikuwa ya kweli, mwili wangu ulitetemeka kweli, na hakuna mtu aliyekuwa amenyakuliwa. Kama hofu ingekuwa ushahidi, ningelazimika kurudi kanisani kwa ajili ya tuktuk.

Siku zilizofuata nilikwenda hospitali ya serikali kuonana na mshauri nasaha, na nakusihi na wewe uende. Alinieleza kwamba mwili ukidhani kuna hatari humwaga adrenalini, moyo ukaongeza kasi, pumzi ikawa fupi na ya haraka. Ganzi ya vidole inatokana na kule kuhema mno, si mkono wa mtu wala pepo. Hali ile kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika kama 10, kisha inashuka yenyewe. Akanifundisha kuvuta pumzi kwa pua nikihesabu hadi 4, kuitoa polepole kwa mdomo nikihesabu hadi 6, na kushika kitu kilicho karibu nikitaje kwa sauti: meza, mkasi, uzi mwekundu. Ni kitu kidogo na kinafanya kazi. Fanya mchana pia, siku ambayo huna hofu, ili usiku mwili uwe umezoea.

Aliniambia pia kwamba mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Marlene Winell, ambaye mwenyewe alilelewa katika dini kali, aliandika mwaka 2011 kuhusu madhara haya ya watu waliotoka: hofu ya jehanamu isiyoisha, kushindwa kuamua jambo dogo, upweke wa kupoteza jamii nzima kwa siku moja. Nilipolisikia hilo nililia pale pale kwenye kiti. Kumbe sikuwa nimelaaniwa. Kuna mtu aliketi na watu wa aina yangu akawasikiliza.

Kama mawazo yanafikia kutaka kufa, usingoje miadi. Msalaba Mwekundu wa Kenya wana nambari 1199, kupiga ni bure. Wala usiogope polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Nayasema haya kwa sababu tulilelewa kuficha ugonjwa, na kuficha huko ndiko kunakoua watu wetu. Acheni kuficha! Mtu akikwambia ugonjwa wa mawazo unatolewa kwa mfungo, ondoka mbele yake, hata akiwa amekuzaa.

Sasa swali lako la pili. Unaishi kwa ajili ya nini?

Kule tulipewa jibu likiwa limepikwa tayari, na ukitoka unabaki na njaa. Wengi hapo ndipo wanapoteleza. Wanakimbilia mtu mwingine mwenye sauti kubwa: mchungaji mpya, mganga, tajiri wa mtandaoni anayeuza semina, hata yule anayepiga kelele kwamba Mungu hayupo na wote waaminio ni wapumbavu. Nakuomba usimpe mtu kiti kile. Kiache kitupu kwa muda. Katika sensa ya 2019 Wakenya zaidi ya 700,000 walisema hawana dini. Huenda ukawa mmoja wao, huenda ukarudi kuomba kwa namna yako. Mimi naomba siku nyingine, siku nyingine siombi, na sidaiwi maelezo na mtu.

Maana nimeipata mikononi. Nyanya yangu mzaa mama alivaa hando, ile sketi ya marinda ya Wamijikenda, maisha yake yote. Kanisani tuliambiwa ni vazi la mizimu, na mama akakatazwa kumpokea nyumbani akiwa amelivaa. Nyanya alikufa bila kuingia kwetu kwa miaka. Basi baada ya kutoka, mteja mmoja aliniletea kitambaa akitaka hando la kuvaa kwenye sherehe za kumkumbuka Mekatilili wa Menza, yule mama Mgiriama aliyekamatwa na Waingereza mwaka 1913, akapelekwa mbali Kisii, akatoroka akarudi kwao kwa miguu. Sanamu yake ipo hapa mjini, nilikuwa nikiipita nimeinamisha uso. Sikujua kushona hando. Nilimwendea bibi mmoja Ganda anifundishe. Alishika kitambaa akakikunja rinda jembamba, akalibana kwa kucha ya dole gumba hadi likaacha alama, akakunja lingine juu yake, na mimi nikafuata kwa sindano. Kitambaa ni kingi, marinda ni mengi, na moja likipinda yote yaliyo mbele yake yanafuata upotovu huo. Alinifumulisha. Nikaanza upya. Akanifumulisha tena. Wakati nakunja yale marinda, kichwani hapakuwa na jehanamu.

Leo najulikana kwa hando, nalisema kwa fahari. Nimevisha akina mama wa Magarini na Malindi, na nina wasichana ninaowafundisha. Mtu aliyeambiwa ataoza akitoka kanisani ndiye anayelipia karo ya mdogo wake, yule yule aliyeomba chipsi.

Kwa hiyo tafuta, dada yangu, kile walichokukataza kisicho na dhambi yoyote ndani yake. Kila mmoja wetu anacho. Kuimba, kusuka, kurudi shule, kumtembelea shangazi aliyeitwa mchawi. Anzia hapo. Usisubiri kwanza uelewe siri ya ulimwengu ndipo uamke ukafanye kazi. Amka, fanya kazi, wapende watu walio karibu nawe, na jirani akikuletea mahamri, kula.

Na mama. Hili ni gumu na sitakudanganya. Kifungu cha 32 cha Katiba kinakupa uhuru wa kuamini na wa kutoamini, lakini Katiba haikulipii kodi ya nyumba. Mama yangu hajala kwangu tangu nilipotengwa. Akija huketi nje, ana maji yake kwenye chupa, hunitazama nikishona, kisha huondoka kabla ya magharibi. Inaniuma kila mara. Hata hivyo anakuja, na mimi mkeka natandika.

Mwambie mama yako mkiwa wawili, mchana, mikono ikiwa na kazi, mkichambua mchicha au mkichagua mchele. Usianze kwa kusema kanisa lake ni la uongo, maana hapo atalitetea kanisa na wewe hatakusikia. Mwambie hulali. Mwambie unaamka usiku kuwapapasa watoto. Akitaka kuwaita watumishi waje kukuombea, kataa kwa upole, ukatae na mara ya pili. Na kabla hujafungua kinywa, weka pembeni kodi ya miezi miwili, chukua vyeti vya kuzaliwa vya watoto na kadi zao za kliniki uvihifadhi nje ya nyumba hiyo, na uzungumze mapema na mtu mmoja atakayekupokea na watoto usiku huo huo mambo yakiharibika. Kama huna mtu Mpeketoni, niandikie. Malindi kuna mlango.