Maswali ya Wasomaji: Chombo cha Tanga Juu ya Trela

SWALI: Mimi ni mwalimu, ninaishi Chumbageni, Tanga. Nimepata chombo cha tanga cha faibaglasi, urefu wa futi 19, chenye kichumba cha kulala watu wawili, ambacho mwenyewe anakiuza Dar es Salaam pamoja na trela lake. Ninayo pikapu ndogo. Sijawahi kushika usukani, lakini tangu utotoni natamani kuvuka ghuba yetu kwa upepo. Je, ninunue, na nianzie wapi?

JIBU: Mwalimu, shauku yako naielewa, kwa kuwa mimi nami nilinunua chombo changu cha kwanza kwa kuvutiwa na kichumba. Usitoe pesa kabla hujajijibu swali moja: maji yakiwa yamekupwa, wewe na msaidizi mmoja mtaweza kukishusha chombo hicho na kukipandisha tena? Chombo cha urefu huo chenye kichumba, pamoja na trela lake, kinaweza kukaribia tani moja. Hapa Tanga maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji makuu na maji makavu huweza kupita mita tatu. Mahali uliposhushia chombo asubuhi ukiwa umelowa hadi magotini, baada ya muda wa saa sita panaweza kuwa tope tupu lenye kaa na mizizi ya mikoko. Gurudumu la trela likizama katika tope lile hutalitoa kwa pikapu ndogo, na gari likinasa hapo huku maji yanarudi, utapoteza vyote viwili.

Kwa anayeanza, mimi ningechagua chombo cha wazi cha futi 14 hadi 16, chenye ubao wa kati unaopandishwa na kushushwa. Mfano ninaoupenda ni Wayfarer, iliyosanifiwa na Mwingereza Ian Proctor mwaka 1957. Ina urefu unaokaribia futi 16, bodi lake lina uzito wa kilo 169, na ubao ukipandishwa huelea katika maji ya sentimita 20, ilhali ubao ukishushwa huhitaji kina cha zaidi ya mita moja. Tofauti hiyo ndiyo inayokuwezesha kupita juu ya fungu la mchanga na kufika pwani bila kusubiri maji. Wala usidhani kwamba bila kichumba chombo hakina maana: mwaka 1963 Frank Dye alitoka Scotland akafika Iceland kwa Wayfarer, na mwaka uliofuata akafika Norway. Sikutumi huko, nakuonyesha tu kwamba wepesi si udhaifu.

Ukiamua kununua, chochote kile, kagua trela kabla ya chombo. Wanunuzi wengi hugonga bodi, hukunjua matanga, wakasahau magurudumu, nami nilikuwa mmoja wao. Nilipokuwa navuta chombo changu kutoka Dar es Salaam, nilipofika Mkata gurudumu la kushoto lilianza kutoa moshi. Fundi aliyelifungua alinionyesha grisi iliyokuwa nyeupe kama tui la nazi, na beringi lililoliwa na kutu hadi likashikana na ekseli. Sababu yake ni hii: gurudumu hupata joto barabarani, na likizamishwa baharini likiwa bado na joto, hewa iliyo ndani husinyaa na kuvuta maji ya chumvi kupitia kwenye sili. Kwa hiyo ukifika pwani subiri gurudumu lipoe mpaka uweze kulishika kwa kiganja, shusha chombo maji yanapojaa ili usilazimike kuzamisha magurudumu, na ukirudi nyumbani mwagia trela zima maji baridi yasiyo na chumvi, kisha ongeza grisi. Hakikisha pia kwamba trela limesajiliwa na lina namba zake. Kabla ya kusimamisha mlingoti, inua macho utazame nyaya za umeme, kwa sababu mlingoti wa aluminiamu ukigusa waya huua.

Kuhusu kujifunza, usianze Juni hadi Agosti, pepo za kusi zinapovuma kwa nguvu. Ngojea Oktoba au Novemba, wakati wa maleleji, kusi inapolegea na kaskazi haijakamata. Toka asubuhi kabla upepo wa alasiri haujapanda. Tafuta nahodha mmoja Sahare au pale Deep Sea, umlipe kwa heshima asubuhi tano au sita, na mwombe akae kimya huku wewe umeshika usukani na demani, yaani kamba ya kukaza na kulegeza tanga. Waulize pia wanachama wa Tanga Yacht Club, Raskazone, kama kuna atakayekubali kukuchukua.

Somo la kwanza ni kujua upepo unatoka wapi bila kutazama tanga, bali kwa mashavu yako. La pili ni mkono kuzoea kulegeza demani: upepo ukikuzidi, usihangaike na usukani, legeza demani, na tanga litamwaga upepo. Hakuna chombo kinachokwenda moja kwa moja dhidi ya upepo. Utabisha, huku na huku, kwa mshazari. Ndiyo maana nasisitiza kwamba siku zako za mwanzo uanze safari kwa kubisha, ili kurudi uwe na upepo nyuma. Anayeondoka na upepo wa tezi hufurahia mwendo, haoni amefika wapi, na anapogeuka ndipo hugundua kuwa njia ya nyumbani ni ndefu mara mbili na jua linazama. Baki ndani ya ghuba, upande huu wa kisiwa cha Toten, na kaa mbali na njia ya meli zinazoingia bandarini.

SWALI: Mume wangu amenunua chombo cha futi 14 na anataka kuwachukua watoto wetu wawili, wa miaka saba na kumi. Wote wanajua kuogelea. Chombo hicho kikipinduka itakuwaje? Mama wa Makorora.

JIBU: Dada yangu, vyombo hivi hupinduka, na mume wako asikubishie katika hilo. Vingi vina mifuko ya hewa, hivyo havizami; hatari iko kwa mtu anayekiacha chombo na kuogelea kwenda pwani. Kila mmoja avae jaketi la kuokolea linalomtosha, limefungwa, tangu mchangani. Watoto wasipande mpaka yeye na mtu mzima mwingine wamekipindua kwa makusudi na kukiinua angalau mara tatu, maji yakiwa makuu, mahali penye kina, maana kwenye maji mafupi ncha ya mlingoti hujikita katika tope. Demani ilegezwe kwanza, omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, ielekezwe kwenye upepo, kisha mmoja asimame juu ya ubao wa kati akiegemea nyuma mpaka tanga litoke majini. Asome utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kila anapotaka kutoka, na chombo kikaguliwe na TASAC, shirika la serikali linalosimamia usafiri wa majini.

SWALI: Nimekulia katika ngalawa, Mwambani. Kuna mtu anataka nimwendeshee chombo chake cha kizungu chenye matanga mawili. Je, ujuzi wangu unatosha?

JIBU: Unatosha kwa sehemu kubwa, na akulipe kama fundi. Upepo, mikondo na mafungu unayajua kuliko yeye. Vitu viwili vitakusumbua. Ngalawa ina matengo ya pembeni ya kuishikilia, lakini chombo hiki hakina, kwa hiyo uzito wa mwili wako ndio utakaokisawazisha. Kaa upande wa joshi, unakotoka upepo, na uwe tayari kuhama. Pili, wewe umezoea kuzungusha foromali, mti unaobeba tanga, mbele ya mlingoti unapogeuza. Huku tanga kubwa lina mti chini yake, nao huvuka wenyewe kutoka upande mmoja hadi mwingine, katika kimo cha kichwa, na kwa kasi kubwa upepo ukiwa nyuma. Mpigie kelele mwenye chombo ainame kabla hujasukuma usukani, na wewe uiname kabla yake.