Kabla Hujatolewa Damu ya Homoni, Jua Uko Siku ya Ngapi

Dada yeyote anayetumwa maabara kupimwa homoni za uzazi, namwambia jambo moja: muulize daktari siku. Sizungumzii Jumatatu au Jumanne, nazungumzia siku ya mzunguko, ukihesabu kuanzia ile ya kwanza damu ya hedhi ilipotoka. Hapa Nakuru mjini maabara hazikosekani, na nyingi ukishalipa unatolewa damu papo hapo bila kuulizwa lolote. Utapewa karatasi yenye namba. Hiyo namba, kama haina siku pembeni, itakutia hofu ya bure.

Homoni ni kama bei ya nyanya soko la Wakulima. Anayeuliza alfajiri malori yakishusha na anayeuliza jioni watu wakifunga hawatapewa jibu moja, na wote wawili wameambiwa ukweli.

Mambo yanaanzia kichwani, si kwenye ovari. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi hutuma ishara kila baada ya saa moja au moja na nusu hivi kwenda kwa tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo. Pituitari nayo hutoa homoni mbili ambazo utaziona kwenye fomu zimeandikwa FSH na LH. FSH hukuza vifuko vya mayai. Kifuko kinapokua kinatoa estrojeni, na estrojeni inajenga ukuta wa mfuko wa uzazi. Kwa siku nyingi estrojeni huituliza pituitari isizidishe kazi. Lakini ikipanda sana na kubaki juu kwa siku mbili hivi, mambo yanageuka: LH inapanda kwa ghafla, na takriban saa 36 tangu ianze kupanda, yai linatoka. Kifuko kilichobaki kinaanza kutoa projesteroni kwa wingi ili ukuta ule uwe tayari kupokea mimba. Mimba isiposhika, baada ya wiki mbili hivi kifuko kinanyauka, projesteroni inashuka, hedhi inakuja.

Shika hapo kwenye wiki mbili za mwisho. Hizo ndizo hazibadiliki sana. Mwanamke mwenye mzunguko mrefu kwa kawaida huchelewa kabla yai halijatoka, si baada.

Mimi mzunguko wangu ni wa siku 35 hivi, na haukuanza jana. Tulipokaa muda bila mtoto, kliniki moja ilinituma nikapime projesteroni siku ya 21, kwa sababu ndivyo inavyoandikiwa kila mtu. Majibu yakaja chini kabisa. Nikaambiwa mayai yangu hayapevuki, nikaandikiwa tembe za kuyachochea. Nililia kwenye matatu hadi Lanet, na kondakta hakunidai nauli mpaka niliposhuka.

Daktari wa pili, mama mtu mzima, alitazama karatasi kisha akaniuliza swali moja tu. "Mwanangu, baada ya kutolewa damu hii, hedhi ilikuja lini?" Nikamwambia ilikuja baada ya wiki mbili. Akacheka kidogo. Toa 14 kwenye 35 unabaki na 21. Damu ilikuwa imetolewa karibu siku ile ile yai linatoka, wakati projesteroni haijapanda kwa mtu yeyote. Kipimo kile hutakiwa wiki moja hivi kabla ya hedhi inayotarajiwa. Siku ya 21 inamfaa mwenye mzunguko wa siku 28. Mimi nilistahili siku ya 28. Nilipopima siku hiyo, yai lilikuwa limetoka kama kawaida. Zile tembe sikuzimeza.

Vipimo vingine vina siku zao. FSH, LH na estrojeni huchukuliwa mwanzoni mwa hedhi, siku ya pili hadi ya nne. AMH, kinachokadiria akiba ya mayai, kinaweza kufanywa siku yoyote. Prolaktini, homoni ya maziwa, ikizidi hufifisha ishara kutoka ubongoni na hedhi inaweza kupotea, ndiyo maana wengi wanaonyonyesha sana hukaa miezi bila kuona siku zao. Lakini prolaktini inapandishwa pia na wasiwasi, na dawa za kuzuia kutapika kama metoklopramidi, na baadhi ya dawa za akili. Mwambie daktari kila unachomeza. Zile tembe za nywele na kucha zenye biotini nazo zitaje, kwani zinaweza kuvuruga baadhi ya vipimo vya homoni maabarani. Na tezi ya shingo ipimwe: ikizembea, prolaktini hupanda na hedhi hupoteza mpangilio.

Mama mkwe aliniletea chupa ya mitishamba kutoka Molo. "Kunywa, mwanangu, iweke homoni sawa." Nilimshukuru kwa moyo wote, nikaiweka kabatini. Huko mitandaoni pia kila anayeuza unga anasema unasawazisha homoni, bila kutaja ipi, na siku gani. Mwili unaotafuta mtoto hautaki homoni zilizotulia mwezi mzima. Kuzituliza ni kazi ya sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi: inaweka homoni inayofanana na projesteroni juu muda wote, LH hairuki, yai halitoki. Ukiiacha, usishangae mambo yakichelewa kurudi. Wengi hupata mimba kama miezi tisa au kumi baada ya sindano ya mwisho. Hiyo haimaanishi umeharibika.

Na wanaume? Wangu alikubali kwenda bila kelele, Mungu ambariki. FSH na LH ndizo hizo hizo kwake, ila kwake hufanya kazi kwenye korodani. Testosteroni yake ipimwe asubuhi, saa moja hadi saa nne, kwa sababu mchana hushuka. Vijana wanaojidunga testosteroni gym ili wapanuke kifua, sikieni: ubongo ukiona testosteroni imejaa unapunguza FSH na LH, na mbegu zinapungua, wakati mwingine zinaisha kabisa. Kutengeneza mbegu mpya huchukua karibu miezi mitatu, kwa hiyo hata ukiacha leo majibu hayatabadilika wiki ijayo. Kipimo cha manii kifanywe mapema, kabla mke hajatobolewa mikono yote miwili.

Aliye chini ya miaka 35 anaweza kujaribu mwaka mzima kabla ya kutafuta daktari. Aliyefika 35, miezi sita. Lakini kama hedhi imepotea miezi mitatu na huna mimba wala hunyonyeshi, usingoje hiyo hesabu. Nenda wiki hii, na tarehe za hedhi zako za miezi ya karibuni uwe umeziandika kwenye simu.