Maswali ya Wasomaji: Kazi ya Utafiti wa Galaksi Baada ya Uzamivu

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Ninamalizia uzamivu wangu katika astronomia. Matangazo mengine ya kazi yanataka mtu wa kujiunga na mradi uliopo, mengine yanasema nije na mradi wangu. Tofauti yake ni nini? Na je, naweza kuomba kabla sijatetea tasnifu?

JIBU: Omba sasa. Matangazo mengi yanataka shahada iwe mkononi siku ya kuanza kazi, si siku ya kuomba. Nafasi nyingi hufungwa kati ya Oktoba na Desemba, na kazi huanza karibu na Septemba inayofuata, kwa hiyo anayesubiri mpaka atetee huweza kupoteza mwaka mzima. Daftari la ajira la Jumuiya ya Astronomia ya Marekani (AAS) hutangaza nafasi za nchi nyingi, si za Marekani tu. Lipitie kila wiki kuanzia Agosti.

Katika aina ya kwanza, kiongozi wa mradi ana fedha, ana swali, na mara nyingi ana data. Wewe unaajiriwa kwa miaka 2 au 3 kulijibu. Katika ile ya pili, mfano Hubble Fellowship ya NASA ya miaka 3, unapimwa kwa wazo lako na unaamua mwenyewe ufanye nini. Ya pili ina hadhi zaidi, lakini ya kwanza haipaswi kudharauliwa, hasa kama data tayari zimeshapigwa. Muulize kiongozi bila haya: data ziko kwenye diski au bado zinasubiri darubini? Sehemu gani ya muda wangu ni ya utafiti wangu binafsi? Makala ya kwanza itaandikwa na nani? Mkataba wa miaka 2 unaotegemea chombo ambacho bado hakijaanza kazi ni hatari, kwa sababu chombo kikicheleweshwa mwaka mmoja utarudi kutafuta kazi bila makala.

SWALI: Nimeomba nafasi nane, zote nimekosa. Maelezo yangu ya utafiti yanahusu kwa nini galaksi huacha kuunda nyota. Kasoro iko wapi?

JIBU: Swali lako ni la fani nzima, si la mtu mmoja kwa miaka mitatu. Wanaosoma maombi wanajua kwamba kasi ya kuunda nyota ulimwenguni ilifikia kilele takriban miaka bilioni 10 iliyopita na tangu hapo imeshuka karibu mara kumi. Ukitumia ukurasa wa kwanza kuwaeleza hilo, kurasa zilizobaki hazitoshi kusema wanachokitafuta: utapima nini, kwa galaksi zipi, ngapi, na kipimo hicho kitaangusha wazo lipi.

Libane swali mpaka liwe na kipimo. Kwa mfano: galaksi kubwa zilizozimika (zilizoacha kuunda nyota) kwenye mhamo mwekundu z = 2 (z hupima jinsi mwanga ulivyonyoshwa na kupanuka kwa ulimwengu; z ikiwa kubwa, galaksi iko mbali zaidi na tunaiona ya zamani zaidi), je, zimeishiwa gesi baridi, au gesi ipo ila haigeuki nyota? Hapo kuna kazi ya kufanya. Darubini ya ALMA hupima gesi hiyo kupitia mistari ya monoksidi ya kaboni, yaani mwanga inaoutoa kwenye mawimbi yake maalumu, na spektra (mwanga uliotawanywa kwa urefu wa mawimbi) za darubini ya James Webb huonyesha kama kuna gesi inayofukuzwa nje. Gesi ikikosekana, mjadala unahamia kwenye kilichoiondoa au kilichoimaliza. Ikiwepo, lazima kuna kinachoizuia isiporomoke kuwa nyota, na shimo jeusi la katikati litakuwa mshukiwa wa kwanza. Jibu lolote kati ya hayo mawili linaandikika, na kamati hupenda mradi wa namna hiyo.

Kisha hesabu sampuli yako kwa uaminifu. Miradi mingi hufia hapa. Tuseme katalogi ina galaksi 500. Ukibakiza zenye spektra safi unapata 60. Ukizigawa makundi 3 ya tungamo (kiasi cha mata) na kila kundi mara 3 kwa kasi ya kuunda nyota, una visanduku 9 vyenye galaksi 6 au 7 kila kimoja, na kosa la kuhesabu (kuyumba kwa bahati kunakotokana na idadi ndogo) peke yake linakaribia asilimia 40. Kama tofauti unayoitafuta ni ya asilimia 20, mradi umekwama kabla haujaanza. Punguza visanduku au tafuta sampuli kubwa zaidi, na hesabu hiyo iandike ndani ya maelezo. Msomaji mzoefu ataifanya kichwani hata usipoiandika.

Angalia pia tungamo za nyota unazochukua kutoka katalogi mbili tofauti. Katalogi moja ikitumia mgawanyo wa nyota wa Salpeter na nyingine wa Chabrier (makadirio mawili ya nyota ndogo huzaliwa ngapi kwa kila nyota kubwa), ya kwanza itatoa tungamo kubwa takriban mara 1.7 kwa mwanga uleule. Ukisahau kuzilinganisha, utatangaza ukuaji wa galaksi ambao haukutokea.

Mwisho wa maelezo yako weka aya moja ya mwaka wa kwanza: data zilizo wazi tayari, makala moja, mwezi wa kuiwasilisha. Ombi lako la muda wa darubini likikataliwa, aya hiyo ndiyo itakayobaki imesimama.

SWALI: Nina galaksi tatu ambazo programu ya kompyuta inaziweka z zaidi ya 14 kwa kutumia picha peke yake. Niziweke kwenye ombi la kazi?

JIBU: Ziweke, lakini ziite wagombea, na uonyeshe jinsi ulivyojaribu kuzikanusha. Galaksi ya CEERS-93316 inafaa kuangaliwa kwa karibu. Mwaka 2022 picha za Webb zilionyesha kama inatoweka kwenye mawimbi mafupi kuliko mikromita 2 hivi, dalili ya z karibu na 16. Spektra ilipopigwa mwaka 2023, ikakutwa kwenye z = 4.9. Kwenye mhamo huo, mstari wa oksijeni wa mikromita 0.5007 unazidishwa kwa 5.9 na kuangukia 2.95, na mstari wa haidrojeni wa 0.6563 unaangukia 3.87. Vichujio vipana vya upande mwekundu vilikuwa vimejazwa mwanga wa mistari hiyo, huku vumbi likififisha upande wa buluu. Programu ilichora mkunjo mzuri kabisa wa galaksi ambayo haikuwepo.

Kwa hiyo, kila mgombea mlazimishe awe chini ya z = 6 kwa violezo (galaksi za mfano ambazo programu hulinganisha nazo) vyenye vumbi na mistari mikali, kisha andika ni kwa kiasi gani ulinganifu unaharibika. Onyesha mkunjo wote wa uwezekano, si kilele tu. Fungua picha za vichujio vya buluu kimoja kimoja, kisha zijumlishe. Galaksi ya mbali hivyo haipaswi kuonekana hapo, kwa hiyo alama hafifu itakayojitokeza inatosha kumwondoa mgombea. Wapo wanaovuka mtihani: JADES-GS-z14-0 ilithibitishwa kwa spektra ya Webb, na baadaye ALMA iliona mstari wake wa oksijeni, z ikawekwa 14.18.

SWALI: Mimi ni mtu wa simulesheni, yaani naunda galaksi ndani ya kompyuta. Nafasi za wachunguzi, wanaotumia darubini, zinanifaa?

JIBU: Zinakufaa ukiweza kugeuza simulesheni kuwa picha inayofanana na ya darubini: uongeze vumbi, ukungu wa lenzi na kelele, kisha upime kwa programu ileile ya wachunguzi. Data za simulesheni za IllustrisTNG na EAGLE ziko wazi, anza nazo. Kosa tunaloliona sana ni kulinganisha tungamo yote ya galaksi ndani ya simulesheni na tungamo iliyopimwa angani ndani ya duara dogo. Kwa galaksi kubwa, nyota za pembezoni zinatosha kuleta tofauti bandia.

SWALI: Nimepewa nafasi mwezi Desemba na kutakiwa kujibu ndani ya siku saba, ilhali nasubiri majibu ya kwingine. Nifanyeje?

JIBU: Kuna makubaliano ya muda mrefu, yanayoungwa mkono na AAS, kwamba mtu asilazimishwe kujibu kabla ya tarehe 15 Februari. Si sheria, na taasisi nyingi nje ya Marekani haziyafuati, lakini ukiyataja kwa adabu mara nyingi muda huongezwa. Andika leo hii: shukuru, sema unaitaka kazi kama kweli unaitaka, omba tarehe kamili. Kisha ziandikie taasisi unazozisubiri kwamba una nafasi mkononi na tarehe ya mwisho ni hii. Kamati zinaweza kuharakisha zikijua. Ukishakubali kwa maandishi, ondoa maombi mengine yote siku hiyohiyo, maana kuna mtu wa pili kwenye orodha anayesubiri kiti chako.