Siku 3 za likizo ya baba huoza zisipoliwa ndani ya wiki

Mkuu, hongera kwa mtoto. Umeuliza kama bosi wako yuko sahihi kukwambia "aliyejifungua ni mkeo, wewe likizo ya nini?" Hayuko sahihi. Kwa sisi wa sekta binafsi hapa Tanzania, kifungu cha 34 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinampa baba likizo ya uzazi ya siku zisizopungua 3 zenye malipo, ilimradi umetimiza miezi 6 kazini. Ni chache, najua. Mama ana 84, na 100 akijifungua pacha. Baba wa Kenya ana wiki 2. Lakini hizo 3 ni haki yako, hakuna anayekufadhili.

Mimi niliponzwa na sharti moja dogo: lazima uzichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Mwanangu wa kwanza alizaliwa tarehe 26, kwa upasuaji. Meneja akaniambia kwa upole kabisa, "Kaka, tufunge kwanza hesabu za mwezi, utaenda wiki ijayo." Nikakubali, nilikuwa na miezi 8 tu pale na woga wa mgeni haujanitoka. Tarehe 4 napeleka barua, afisa utumishi (HR) akanifungulia sheria na kunionyesha mstari kwa kidole. Zimeoza. Mama mkwe anachemsha maji ya kumkanda binti yake, mimi niko ofisini nalinganisha risiti.

Wa pili nikajipanga. Mimba ilipofika miezi 8 niliandika barua, tarehe ya kuanza nikaiacha wazi, nikagongesha muhuri nakala yangu. Mtoto alipozaliwa nikatuma picha ya tangazo la kizazi, ile karatasi ya hospitali ya kuthibitisha uzazi, nikiwa bado huko huko. Uthibitisho wakiudai wape, sheria inawaruhusu. Ila wakikuomba cheti cha ndoa, hapana: kifungu kinataka uwe baba wa mtoto, hakisemi uwe mume wa mama yake.

Jua pia kwamba hizo 3 ni za mzunguko mzima wa likizo, yaani miezi 36 ya kazi mfululizo, hata mkipata watoto wawili humo humo. Watoto wangu wamepishana miaka 2; kilichoniokoa, cha kuchekesha, ni kwamba za mwanzo sikuwahi kuzila. Za mtoto wa pili nikaziunga na siku 5 za likizo ya mwaka.

Sasa wewe mtoto ana siku 4 leo, kwa hiyo huna muda wa kubembeleza. Andika barua usiku huu, kesho asubuhi ipokelewe kwa saini, na uombe ianze kesho hiyo hiyo. Bosi akikataa, mwombe akatae kwa maandishi. Mgogoro wa aina hii una siku 60 za kufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na nakala yenye saini ndiyo utakayoanza nayo. Wengi huishia kupewa likizo pale pale bosi anapoombwa aandike.