Swali la Lugha: Inaendana, Ila Haiingii

Swali: Shikamoo mwalimu. Napiga picha za harusi hapa Tanga na kamera yangu ni Canon 5D Mark III. Nimeuziwa lenzi ya Canon RF, muuzaji akaniapia kwamba "inaendana" na kamera yangu. Nimefika nyumbani, haiingii. Mwenzangu anasema "haisapoti", mimi nasema "haiingiliani". Nani kapatia?

Jibu: Marahaba. Hakuna aliyepatia, lakini makosa yenu ni madogo. Muuzaji ndiye mwenye kosa kubwa, tena amekosea mara mbili: kwenye lenzi na kwenye kitenzi.

Ya kwenu niyamalize upesi. Ratiba huingiliana, na redio mbili zikiingiliana husikii hata moja. Ni neno la fujo, na huko mahakamani lina maana nyingine ambayo kamera yako haijaifikia. "Kusapoti" nimeacha kugombana nalo, limeshahamia na mizigo yake yote. Ila angalieni nani anamsapoti nani: kamera ndiyo isiyoisapoti lenzi.

Asili ya maneno? "Lenzi" imetufikia kupitia Kiingereza kutoka Kilatini, ambako ni punje ya jamii ya dengu, kwa sababu ya ule mbenuko wa pande mbili. Waarabu nao huita punje adas na lenzi adasa. "Kamera" kwa Kilatini ni chumba. Basi ulichonacho ni chumba kilichokataa dengu.

Sasa hili "kuendana". Neno lenyewe halina dhambi, watu ndio wamelichosha. Mshahara hauendani na bei ya unga, hotuba inaendana na kaulimbiu, mapazia yanaendana na makochi. Kila mtu asiyetaka kusema kitu kamili hukimbilia humo kama mvua imemkuta njiani.

Chukua kilemba na gauni la mama wa bwana harusi, maana hao unawapiga picha kila Jumamosi. Kilemba ni cha zambarau, gauni la zambarau, na wote ukumbini tunakubali kwamba vinaendana. Je, kilemba kimeingia kwenye gauni? Kimeshikana nalo? Hakijaligusa hata kidogo! Kimoja kiko kichwani, kingine kinafagia sakafu, na bado vinaendana mpaka keki ikatwe. Mama akivua kilemba kwa joto, gauni halidondoki. Kuendana hakudai kugusana, na lenzi isiyogusana na kamera ni pambo la mezani. Muuzaji aliona "Canon" hapa na "Canon" pale, vyote vyeusi, akaona zambarau kwa zambarau.

Kumbe midomo, yaani pale lenzi inaposhikana na kamera, ni miwili. (Wengi husema "maunti", mimi nasema mdomo, kama wa chupa.) Kamera yako ina mdomo wa EF, ulioanza mwaka 1987. Kutoka mdomoni hadi kwenye sensa, siyo ile ya watu na makazi bali kile kibamba cha ndani kinachonasa picha, ni milimita 44. Mdomo wa RF ulikuja 2018, na umbali huo ni milimita 20 tu. Upana wa midomo yote miwili ni uleule, milimita 54, lakini meno yake hayashikani. Hata ungeyachonga yashikane, lenzi yako ingekaa milimita 24 mbali kuliko ilivyoundwa, nawe ungepiga picha za pete tu, maharusi wenyewe wabaki ukungu.

Tuna vitenzi vya kazi hii, tena vya bei nafuu. Lenzi huingia, huzungushwa kidogo kama balbu ya pini, ikalia "ta!", basi imekaa. Za zamani za M42, kama za Zenit, zilifungwa kama balbu ya skrubu. Uzi wa milimita 42 ukipatana, zinaingia hata kama kampuni ni mbalimbali. Anayetaka neno la heshima aseme kuoana. Mafundi wanalo hilo kwa nati na bolti, na ni kali kama ndoa: vinaoana au havioani.

Tena linabeba yaliyobaki. Lenzi ya EF na kamera ya RF zinaoana kwa mshenga, yaani adapta ya milimita 24 inayojaza pengo, ila mshenga huyu harudi kwao, analala katikati yao siku zote. Upande wako, lenzi ya RF kwenda kamera ya EF, hakuna mshenga mwembamba kiasi hicho: angetakiwa awe chini ya sifuri.

Basi rudi dukani na risiti. Usiseme haiendani, utampa pa kujifichia. Sema haiingii, halafu umkabidhi ajaribu mwenyewe. Akisisitiza kwamba inaendana, mkubalie: rangi ni ileile.